Maiti Wawili wa Ufuo wa Kashii

Katika zama za utawala wa ukoo wa Tokugawa, mji wa Osaka ulipokuwa ndio bohari ya Japani nzima na matajiri wake wamejaa fedha bila kujaliwa hadhi ya watu wa upanga, karani mmoja wa duka na mwanamke wa danguro, waliokosa kila njia ya kuoana, waliingia usiku katika msitu wa Sonezaki, na kulipokucha wakakutwa wamekufa pamoja. Huo ulikuwa mwaka 1703. Na haukupita mwezi mmoja na ushei ila mtunzi wa michezo Chikamatsu Monzaemon alikuwa amekwisha kuigeuza habari hiyo mchezo wa vikaragosi, nao watu wakafurika hata nyumba ya michezo ya Takemoto, iliyokuwa imelemewa na madeni, ikayalipa.

Kifo cha namna hiyo kilikuwa na jina lake, shinjū, yaani “ndani ya moyo”, kana kwamba mauti ndiyo yanayofunua yale yaliyositirika kifuani. Serikali haikustahimili, mwaka 1723 ilipiga marufuku jambo lenyewe na kuonyeshwa kwake jukwaani, ikaamuru maiti wa wapenzi hao wasifanyiwe mazishi, na wakiokoka wote wawili waanikwe mbele ya watu siku 3 kisha washushwe daraja wawe miongoni mwa watu duni kabisa. Hata neno lenyewe lilichukiwa, likatafutiwa badala yake jina kavu la kiserikali. Nani alilitumia nje ya mahakama? Watu waliendelea kulia kwa ajili ya wapenzi wa Sonezaki, wakarithishana mazoea ya kwamba mwanamume na mwanamke wakikutwa wamekufa ubavu kwa ubavu, hakuna haja ya kuuliza sababu.

Mazoea hayo ndiyo aliyoyavizia Matsumoto Seichō. Mwandishi huyu, aliyezaliwa mwaka 1909 katika umaskini na kufanya kwa miaka mingi kazi ya kuchora matangazo ya gazeti huko Kokura, alianza mwaka 1957 kutoa katika jarida la wasafiri liitwalo *Tabi* riwaya yake *Ten to Sen*, yaani nukta na mistari. Riwaya inafunguka kwa mahaba. Katika stesheni ya Tokyo watumishi wawili wa kike wa mkahawa, waliokuja kumsindikiza mteja wao, wanamwona ng’ambo ya reli mwenzao Otoki akipanda gari moshi la usiku pamoja na kijana mtanashati. Wanacheka, wanaona ajabu kwamba mwenzao ana mpenzi na hakuwaambia. Siku chache baadaye Otoki na mwanamume huyo, Sayama, ofisa wa wizara iliyokuwa ikichunguzwa kwa kashfa ya rushwa, wanakutwa wamelala bila uhai katika ufuo wa Kashii, mbali kusini-magharibi, na polisi wanasoma pale walichosoma babu zao kule Sonezaki.

Isipokuwa askari kanzu mmoja wa Fukuoka, Torigai, ambaye katika mfuko wa Sayama amekuta stakabadhi ya behewa la chakula iliyoandikwa: mtu mmoja. Alirudi nayo nyumbani akilini mwake, akamwuliza binti yake kama angemwacha mchumba wake aende kula peke yake kwa kuwa yeye hana njaa. Binti akajibu kwamba angekwenda naye tu, walau anywe kahawa. Kwangu mimi pale ndipo palipo ufundi wa kitabu, kuliko hata ile hesabu mashuhuri ya dakika 4, ambazo ndizo pekee jioni nzima mtu aliyekuwa jukwaa la 13 la stesheni ya Tokyo aliweza kuona jukwaa la 15 pasipo gari kumziba, na ambazo mteja yule aliyesindikizwa alizijua vema mno.

Kashii ilikuwa na stesheni mbili, ya reli ya serikali na ya kampuni binafsi, na usiku wa vifo vile katika kila moja walionekana mwanamume na mwanamke wakielekea pwani. Kila aliyesikia alihesabu jozi moja, iliyopita mahali pawili. Torigai alikwenda akaitembea njia ile baina ya stesheni na stesheni, saa mkononi, mara kwa hatua za haraka, mara kwa mwendo wa wapenzi, na kila alipofika dakika zilikataa kulingana.