Kushusha Gari kwa Springi Fupi

Springi fupi ni springi za koili zinazofungwa mahali pa zile za kiwandani ili bodi ya gari ikae chini zaidi, kwa kawaida kwa milimita 20 hadi 50. Huwa ngumu kidogo kuliko zile zilizotolewa. Kuzifunga ni kazi ya nyumbani kwa mtu aliyezoea spana, mwenye jeki, stendi za chuma na siku nzima isiyo na haraka. Katika Kakamega, magharibi mwa Kenya, kazi hii ni nadra kuliko kinyume chake. Gari dogo lililoingia kutoka Japani mara nyingi hupelekwa kwa fundi likainuliwe kwa spesa juu ya springi kabla halijazoea barabara za huko. Wapenzi wa magari yaliyoinama huiona desturi hiyo kuwa ushamba. Makala haya yanaitetea: anayeinua gari Kakamega amepiga hesabu sahihi hata kama hajaiandika popote, na anayetaka kulishusha anapaswa kuishinda hesabu hiyo kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Hesabu yenyewe inahusu mwendo wa gurudumu, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kuelekea bodi kabla ya kugonga mpira wa kikomo. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaoubeba, na kila kitu hapa kinatoka kwenye kanuni hiyo. Chukua mfano wa gari dogo lenye nafasi ya milimita 150 kati ya tumbo lake na barabara, ambalo kila springi yake huhitaji nguvu ya nyutoni 25 ili ibonyee milimita moja. Wapakie watu wanne wa kilo 70 kila mmoja. Gari litashuka karibu milimita 28, na tumbo litabaki na milimita 122. Sasa lishushe milimita 40 kwa springi zilizo ngumu zaidi kwa robo. Watu walewale watalishusha milimita 22 tu, kwa kuwa springi zimekaza, lakini nafasi iliyobaki ni milimita 88. Ugumu mpya umeokoa milimita 6 mahali palipopotea 40.

Kwenye kupokea mapigo ya barabara hasara ni kubwa zaidi, ingawa wauzaji wa springi hawapendi kulitaja jambo hili. Uwezo wa springi kumeza pigo hukua kwa mraba wa umbali inaobonyea. Kama gurudumu lilikuwa na milimita 80 za kupanda na sasa limebakiwa na 40, springi ingepaswa kuwa ngumu mara nne ili imeze pigo lilelile bila kugonga kikomo. Za dukani zimeongezwa ugumu wa robo au theluthi. Uwezo uliobaki hauzidi theluthi moja ya ule wa kiwandani. Pigo la ziada hupokewa na mpira wa kikomo, kisha shokomzoba, kisha bodi yenyewe, na mwishowe mgongo wa abiria.

Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zaidi zikinyesha kuanzia Machi. Mvua hiyo ndiyo inayoulisha msitu maarufu na mashamba ya miwa, na ndiyo inayoikata barabara ya murram kwa mifereji. Trela za miwa hupita juu ya tope na kuacha njia mbili zenye kina, huku katikati kukibaki mgongo wa udongo. Mgongo huo ukikauka huwa mgumu kama jiwe. Gari la kawaida huupita kwa kukwaruza kidogo. Lililoshushwa huukalia kwa trei ya oili, na trei ikipasuka injini haichukui muda kufa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba picha hii imepitwa na wakati. Barabara kuu ya A1, itokayo Kisumu kupitia Kakamega hadi Webuye na Kitale, ilikarabatiwa miaka ya 2010, na wapo wenye magari ambao siku zao zote huanzia nyumbani kwenye lami na kuishia kazini kwenye lami. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, lami nzuri imeleta mwendo kasi, na mwendo kasi umeleta matuta. Barabara hupita katikati ya masoko kama Khayega na Malava, na penye soko au shule hapakosi tuta, moja limepimwa kitaalamu, jingine limejengwa kwa jazba baada ya ajali. Gari lenye milimita 88 likiwa na abiria hulazimika kulipanda tuta refu kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku matatu ikipiga honi nyuma yake.

Pingamizi la pili lina sayansi ndani yake: gari lililo chini hushika kona vizuri zaidi. Ni kweli kwamba kitovu cha uzito kikiwa milimita 550 kutoka ardhini, kukishusha kwa 40 hupunguza kwa takriban asilimia 7 uzito unaohamia magurudumu ya nje ya kona. Lakini magari mengi madogo yana mfumo wa mbele uliobuniwa na Earle MacPherson katika miaka ya 1940, ambapo shokomzoba, springi na nguzo ya gurudumu ni kitu kimoja. Katika mfumo huo, mkono wa chini ukishapita mlalo na kuelekea juu upande wa gurudumu, kitovu ambacho bodi huyumbia hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati yao huongezeka, na bodi hutaka kuyumba zaidi kuliko awali. Kwa hiyo kushusha kwa milimita 20 au 25 kunaweza kuleta faida, ilhali kushusha kwa 50 huiteketeza, na kinachobaki ni sura tu. Ushahidi wa barabara za Afrika Mashariki unaelekea upande uleule. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, haijawahi kuwa mashindano ya magari yaliyoinama. Timu zinazokuja na magari yenye kasi kuliko yote huyainua na kuyapa mwendo mrefu wa magurudumu. Waendao mbio kwa riziki wamekwisha kujua mwendo huo una thamani gani.

Anayeendelea baada ya hapo anapaswa kujua kwamba kufungua nati ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kwanza ni mahali pa kufanyia. Uani kwenye udongo mwekundu uliolowa, jeki huzama upande mmoja taratibu bila kelele, kwa hiyo bamba la chuma au ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi ni lazima, na mtu haingii chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee. Gurudumu likitoka, hufunguliwa linki ya stabilaiza, kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS. Kisha boli mbili za chini, zikiwa zimewekewa alama ya rangi mahali zilipokaa. Na mwisho nati tatu za juu ndani ya boneti. Nati ya nne, ile ya katikati, haiguswi. Springi iliyobanwa milimita 150 kwa ugumu wa mfano wetu imebeba nishati ya karibu jouli 280, sawa na kuangusha mzigo wa kilo 10 kutoka urefu unaokaribia mita tatu, na nati hiyo ndiyo inayoizuia isimpige fundi usoni. Hufunguliwa tu baada ya springi kubanwa kwa vibanio viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana, vikikazwa kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka springi icheze kwenye kikalio chake. Waya na kamba, vinavyotumika katika gereji nyingine, si vibanio.

Wakati wa kurudisha, kosa linaloonekana mara nyingi ni dogo na halipigi kelele. Bushi za mpira za mkono wa chini hukazwa gari likiwa bado hewani, magurudumu yakining'inia. Gari likishuka, mpira hujipinda na kubaki umepinda siku zote, na baada ya miezi michache huchanika. Boli hizo hukazwa kabisa pale tu uzito wa gari unapokuwa juu ya magurudumu. Kisha huja alainimenti, ambayo haifanyiki nyumbani. Kushusha huinamisha tairi ndani kwa juu na kubadili uelekeo wake, na mwenye gari asiyelipeleka kwenye mashine atakuta ukingo wa ndani wa tairi umeliwa hadi kwenye nyaya huku nje likionekana jipya. Taa za mbele nazo hupimwa upya.

Lipo pia pingamizi la bei: kwa nini ununue springi wakati fundi anaweza kukata zilizopo kwa grinda? Ukiondoa koili moja kati ya tano zinazofanya kazi, springi inakuwa ngumu kwa robo na fupi kwa wakati mmoja, jambo linalofanana na springi ya dukani. Tofauti iko kwenye ncha. Springi nyingi zina mkunjo maalumu unaoketi kwenye kikalio. Ukikatwa, springi hukaa upande, na gurudumu likining'inia juu ya shimo inaweza kuchomoka mahali pake. Anayetumia tochi ya gesi hufanya vibaya zaidi, kwani joto hulegeza chuma na springi huendelea kuzama kila mwezi.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara, na kampuni ya bima hupaswa kuarifiwa kuhusu mabadiliko ya namna hii. Japani kwenyewe, yanakotoka magari haya, gari halikubaliwi barabarani likiwa na nafasi chini ya sentimita 9 toka ardhini, na zile milimita 88 za mfano wetu hata kiwango hicho hazikifikii abiria wakishapanda. Kwa gari la mtu mmoja au wawili lisilotoka kwenye lami, springi za dukani zisizozidi milimita 25, pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo na alainimenti siku hiyohiyo, zinaweza kutetewa. Kwa gari kama Probox, la kubeba abiria na mizigo ya mashambani, springi za kiwandani zibaki mahali pake.