Utingo na Turubai

Malori ya Dar es Salaam yanayokwenda Rwanda hupita Lusahunga na Nyakahura, katika Wilaya ya Biharamulo, ambayo Bisibo ni kata yake mojawapo. Kisha huingia Ngara na kuteremka Rusumo. Tunayatazama matairi na rangi. Historia yake nyingine imefungwa juu, kwenye turubai.

Neno hilo tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa baharini, ambako mabaharia walipaka lami vitambaa vizito ili maji yasipenye. Lilipofika kwenye malori yetu lilipata mtu wake: utingo. Ndiye aliyepanda juu ya shehena, akalivuta, akalikaza kwa kamba. Akiteleza, chini palikuwa barabara.

Kwa mzigo wa kuvuka mpaka, ufungaji huo ulikuwa pia ushahidi. Forodha hupitisha waya kwenye matundu ya turubai na kuufunga kwa sili, ili atakayefungua njiani aache alama.

Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda na RPF ikisonga mbele, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Huko Benaco, Ngara, walijenga vibanda vya matawi, kisha wakaezeka kwa maturubai ya plastiki ya UNHCR. Kilichozoeleka kufunika mizigo kikafunika familia.

Leo wahandisi wanaikabidhi mota kazi ya utingo. Kwenye tipa, turubai huviringishwa kwenye bomba nyuma ya kabini. Dereva akibonyeza swichi, mikono miwili ya chuma hulivuta hadi mwisho wa bodi. Ugumu wa kubuni uko kwenye upepo, vumbi na mawe yaliyochomoza juu ya bodi. Ndiyo maana mfumo mzuri huwa na mpini wa kuzungushia kwa mkono, mota ikigoma.

Nikeli ya Kabanga ipo Ngara. Tipa zitakazoibeba siku moja hazitahitaji mtu kupanda juu, na hilo ni jema: hakuna anayepaswa kuvunjika shingo kwa ajili ya fundo. Ila utingo alikuwa pia mwanafunzi. Madereva wengi walianzia juu ya shehena, wakaijua gari kabla hawajashika usukani. Anayechora mfumo mpya, na tajiri anayeununua, wanadaiwa jibu: kijana wa Bisibo asiye na ada ya chuo atajifunzia wapi?