Mshairi Ndani ya Garimoshi

Reli za Uingereza zilitaifishwa mwaka 1948, na mwaka uliofuata kikaundwa kitengo cha filamu za usafiri, British Transport Films, chini ya Edgar Anstey. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwashawishi watu wapande treni waendapo likizo: pwani, milimani, mashambani. Sisi wapenzi wa tungo tuna sababu yetu ya kuzitazama filamu hizo, kwani humo reli ilimwita mshairi kazini.

Njia ilikwisha funguliwa. Mwaka 1936, W. H. Auden aliitungia filamu ya Night Mail shairi liendalo kwa mwendo wa magurudumu: treni ikipanda mlima, mishororo inahema, ikishuka, maneno yanakimbia. Elizabethan Express ya mwaka 1954 ilifuata nyayo hizo, ikisimulia kwa vina safari ya London hadi Edinburgh, saa sita na nusu bila kusimama kituo chochote. Humo, kwa maoni yangu, vina vinalazimishwa mno. Mwanachuo wangu angaliandika hivyo, ningalimrudishia daftari.

Ninayoirudia ni ile ya mwaka 1962. Mshairi John Betjeman anapanda treni King's Lynn kwenda Hunstanton, mji wa pwani ya Norfolk. Hakuna kubwa linalotukia. Anashuka Wolferton, kituo walichokitumia wafalme waendapo Sandringham. Anashuka tena Snettisham, akiyatazama majengo ya kituo kama mtu asomaye beti za kale, neno kwa neno. Hahimizi mtu kununua tiketi. Anapenda tu, na upendo wake ndio tangazo.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1862. Mwaka mmoja baada ya filamu, ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza vituo zaidi ya 2,300 vifungwe kwa kuwa havilipi. Ya Hunstanton nayo ilifungwa mwaka 1969. Hivyo filamu iliyokusudiwa kuleta abiria imebaki kuwa tanzia, na watazamaji wa leo huililia. Sioni vibaya walie, ila wakumbuke kwamba magari binafsi yalikuwa yamekwisha wachukua wasafiri wengi, na huenda baba zao walikuwa miongoni mwa walioihama reli ile.

Betjeman aliteuliwa kuwa malenga rasmi wa Malkia mwaka 1972. Treni yake ya Hunstanton haikuwako tena.