Gari la Zimamoto Lililofika Dandora Baada ya Kustaafu

Mwaka 2019 gari la zimamoto liliingia barabara yetu, Dandora Phase 2, likivutwa kwa nyororo na lori la mchanga. Halikuwa na king'ora wala maji. Watoto walilikimbilia wakiuliza ni kwa nani kunaungua. Hakukuwa kunaungua popote, ukitoa dampo, na dampo ni kawaida yake. Mjomba wangu ndiye alikuwa amenunua Land Rover kuukuu kwa mnada, na alitaka kuirudisha iwe pikapu.

Nasema kuirudisha kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe. Ilitoka kiwandani ikiwa pikapu. Miaka baadaye ikavalishwa tangi la lita 400, pampu, rafu za mipira ya maji na taa za kuzunguka. Ilikuwa mali ya shamba moja kubwa lililokuwa na kikosi chake kidogo cha zimamoto. Hilo si jambo la ajabu. Kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini, zilizotolewa 2007, zinamtaka mwajiri awe na kikosi cha kuzima moto. Lakini mtaa wa ploti hauna mwajiri. Kwa hivyo hili gari dogo lilikuwa limelinda mali ya wengine maisha yake yote, na lilipochoka likaletwa kwetu. Nilianza kufuatilia historia yake nikiwa na hasira kidogo. Nikaishia kusoma historia ya barabara yetu.

Land Rover ya kwanza ilizinduliwa 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ilikusudiwa mkulima. Ukiisimamisha shambani, injini yake inaweza kuzungusha shafti ya kuendesha msumeno ama pampu. Kutoka hapo hadi kuwa gari la zimamoto si mbali: ongeza tangi, mpira na rangi nyekundu, na una gari linaloweza kupita mahali ambapo lori kubwa litakwama. Kumbuka hilo la kupita. Tutalirudia.

Dandora nayo ina kiwanda chake, tukisema hivyo. Mwaka 1970 City Council ilibomoa maelfu ya vibanda Nairobi, na waliobomolewa hawakurudi mashambani kama ilivyotarajiwa. Walijenga tena. Serikali ikaanza kusikiliza wazo jingine: badala ya kumjengea maskini nyumba ambayo hawezi kuilipia, mpe ploti, maji, mfereji wa maji taka na barabara, halafu mwache ajijengee. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kufadhili wazo hilo Dandora, kwenye ploti kama 6,000. Ploti nyingi zilikuja na choo na bafu tu vikisimama peke yake. Mwenye ploti aliongeza chumba kimoja, kisha kingine, akapangisha, akaongeza tena. Shosh wangu alikuwa mmoja wao. Choo kile cha kwanza bado kipo, sasa kimezungukwa na vyumba pande zote na ghorofa juu.

Miaka hiyo hiyo ya 1970 ndiyo dampo lilifunguliwa hapo jirani. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Lori za taka hazijaacha kuja, na moshi pia. Ukilelewa Dandora unajua harufu ya moto kabla hujajua moto ni nini.

Fundi aliyepewa kazi ya lile gari ni mzee wa miaka 60 na kitu, mwenye kibanda cha kuchomelea karibu na steji. Alijifunza kazi Grogan miaka ya 1980, akitengeneza matatu. Vijana wengi hawajui kwamba matatu za kwanza nyingi zilikuwa pikapu. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalum ya kubeba abiria, na mafundi wakapata kazi ya miaka 30: chukua pikapu, jenga kibanda cha mabati juu yake, weka benchi mbili zinazotazamana. Ndizo zile tuliziita face me. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu Kenya ikisema kwamba watu wa kazi hizi zisizosajiliwa si mzigo, kwamba wanazalisha na wanafaa kusaidiwa badala ya kufukuzwa na kanjo. Siku hizi jina jua kali linajulikana na kila mtu.

Halafu Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zikaanza kazi: mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano. Benchi za kutazamana hazikuwa na nafasi hapo. Fundi anasema kuna pikapu alizozijengea kibanda mwenyewe na baadaye zikarudi kwake azibomoe. "Nimezivalisha na nimezivua," aliniambia. "Hii yenu si ngeni. Ni vile tu ilivaa nguo nyekundu."

Kazi ilichukua wiki saba. Kwanza alitoa mipira na rafu, kisha tangi. Lita 400 za maji ni kilo 400, sawa na mifuko 8 ya saruji, na mzigo huo hukaa kwa gari mchana na usiku hata likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa vyuma. Tangi lilipotoka, gari liliinua matako kama panzi, na likipita kwa shimo linakurusha hadi paa. Fundi alitoa vyuma viwili kila upande ndipo likatulia.

Kitu cha pili kilichotushangaza ni injini. Saa ya kilomita ilionyesha gari halijatembea sana, na mjomba alikuwa amefurahi akidhani ameokota dhahabu. Fundi alicheka. Gari la zimamoto hufanya kazi likiwa limesimama. Likifika kwa moto, au hata siku za mazoezi, injini hunguruma masaa mengi ikizungusha pampu, na saa ya kilomita haisogei hata moja. Injini ilikuwa imechoka kuliko matairi.

Cha tatu ni kutu. Bodi ya aluminiamu ilikuwa safi, lakini chesisi ni chuma, na tangi lilikuwa likivuja polepole kwa miaka. Chini ya tangi chuma kilikuwa kinameguka kama mandazi ya jana. Fundi alikata vipande viwili virefu akachomelea vipya. Hapo ndipo bei ya mnada ilianza kuonekana si bei tena.

Ikabaki pampu, na pampu ilileta maneno nyumbani.

Mjomba alitaka kuiuza. Alikuwa amechukua mkopo wa chama, na kazi yake ni kubeba saruji, mabati na nondo kwa watu wanaoongeza ghorofa. Pampu ilikuwa uzito wa bure. Mathe alikataa. Mathe ni dada yake mkubwa na kwa kawaida haingilii mambo ya magari. Siku hiyo aliweka sufuria chini akasema, "Hiyo kitu haitoki hapa. Umesahau moto wa fundi cherehani?"

Mjomba hakuwa amesahau. Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa Januari, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mama mmoja kwenye ploti ya tatu kutoka kwetu alikuwa anashona sare za shule, na vyumba vyake viwili vilikuwa vimejaa vitambaa hadi dirishani. Stima ilirudi kwa nguvu usiku, waya zikashika. Watu walifanya kile watu hufanya: beseni, mitungi ya lita 20, mchanga wa ujenzi, vijana wa mikokoteni ya maji wakimwaga mali yao bila kuuliza nani atalipa. Hakuna aliyekufa. Cherehani mbili na sare za watoto wa watu ziliisha zote. Yule mama alirudi kwao mashambani mwezi huo na hatukumwona tena.

Ukiwauliza watu wa barabara yetu watakwambia gari la zimamoto halikuja. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, hadi nikaanza kuandika haya na mathe akanikalisha chini. Gari lilikuja. Lilifika kwa kona, taa zikizunguka, na likakwama. Upande mmoja kulikuwa na mtaro wazi. Upande wa pili kulikuwa na vibanda vilivyojengwa juu ya barabara, kimoja cha mkaa, kimoja cha viatu, na cha kwanza kabisa pale kwa kona, cha mboga. Cha mboga ni chetu. Ndicho kilinilipia karo.

"Walishuka wakavuta mpira kwa miguu," mathe alisema. "Haukufika."

Sikujua niseme nini. Nimekulia kwenye hadithi moja tu kuhusu moto Nairobi, na ni hadithi ya kweli: kwamba jiji lina magari machache na stesheni ziko mbali. Kwa miongo mingi gari la kuja Eastlands lilitoka Tom Mboya Street au Enterprise Road, na anayejua Jogoo Road jioni anajua maana yake. Nakumatt Downtown iliungua tarehe 28 Januari 2009 na watu 29 wakafa katikati ya jiji. Mtaa wa Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalishika moto na watu zaidi ya 100 wakafa. Gikomba, tarehe 28 Juni 2018, wakafa 15. Kila mara tunauliza magari yalikuwa wapi. Ni swali la haki. Lakini Gikomba kila mtu anajua vile njia zimebanana, na sisi pia tumebana zetu. Waliochora Dandora waliacha barabara. Sisi tuliijaza, kibanda kimoja kwa wakati, kila mmoja akiwa na sababu nzuri. Mathe alikuwa na watoto watatu. Hiyo si sababu mbaya.

Jambo hili si geni kwa jiji hili. Mwaka 1902, tauni ilipozuka, watawala waliichoma soko la Wahindi Nairobi wakisema limebanana na ni chafu. Tangu siku hizo mtu mwenye kibanda anajua kwamba mpangilio wa jiji ukija, mara nyingi huja na kiberiti au tingatinga. Ndiyo maana kanjo akikwambia sogea, husikii habari ya usalama. Unasikia kufukuzwa. Na ndiyo maana hakuna anayesogea hadi avunjiwe.

Mwishowe pampu ilitoka. Gari haliwezi kubeba saruji na tangi pamoja, na pampu bila tangi ni chuma tu. Lakini haikuenda mbali. Kijana mwenye kuosha magari aliinunua kwa bei ya chini, akaiunganisha na injini ndogo ya dizeli, kwa sharti la mathe: ukitokea moto, pampu na mpira vinatoka, usiku au mchana. Imetoka mara moja, kwa moto wa kibanda cha chipo. Mchanga ulikuwa umeshauzima kabla mpira haujakunjuliwa. Tulicheka, lakini alitoka.

Taa na king'ora vilitolewa kwa sababu gari la mtu binafsi haliruhusiwi kuwa navyo. Rangi ikawa nyeupe, gari likapelekwa Likoni Road kukaguliwa, na logbuku ikabadilishwa rangi na aina ya bodi. Kwenye karatasi, halijawahi kuwa kitu kingine ila pikapu ya kazi. Ukifungua mlango wa dereva utaona nyekundu kwenye bawaba, mahali fundi alishindwa kufikisha brashi.

Siku mjomba alipoleta mzigo wa kwanza alipita kwa kona yetu bila shida. Land Rover ya aina ile ina upana usiofika mita 1.7. Nilichukua futi kamba ya fundi nikapima kutoka mtaro hadi kibanda chetu: mita 2.3. Lori la kawaida la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5, bila kuhesabu vioo.

Nilimwonyesha mathe ile namba. Aliitazama kwa muda, akauliza kama nimepima kutoka kwa paa au kutoka kwa mguu wa meza. Nikamwambia kutoka kwa paa. Jumapili iliyofuata tulikisogeza nyuma, mimi, mjomba na vijana wawili wa mikokoteni, nusu mita. Mathe alipoteza nafasi ya gunia la viazi na bado ananikumbusha.

Mwenye kibanda cha viatu alisema atafikiria. Bado yuko pale alipokuwa.