Neno "Chapati" na Asili Yake

Nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, nilimkuta mmoja amedai kwamba neno chapati limetokana na kuchapa, kwa kuwa donge lake hupigwapigwa kwa viganja. Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Ni Kihindi." Nilisema kweli, wala sikumtendea haki. Chapa, ile ya mhuri na ya vitabu, nayo imetoka huko huko Bara Hindi.

Wahindi husema capātī, mkate mwembamba usiotiwa hamira. Na katika Kisanskriti carpaṭa ni kiganja kilichokunjuliwa, au kitu kilicho bapa. Basi kiganja alichokiona kijana yule kimo ndani ya neno, ila kimeingia kwa mlango mwingine. Chapa ya mhuri kwao huanza kwa ch yenye pumzi, na ya chapati haina pumzi. Tofauti ya namna hiyo husikika hata leo Mvita na Amu. Sisi wa Mrima hatunayo, na maneno mawili yasiyo ndugu yameketi jamvi moja.

Wako wasemao kwamba chapati ililetwa na vibarua wa reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Sioni sababu ya kuingoja reli. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Bara Hindi, na katika karne ya 19 wenzao wa Pangani walikuwa wakikopesha misafara ya pembe. Neno la chakula hupita jikoni kwa jirani.

Ajabu iko katika mambo tuliyolifanyia neno lenyewe. Chandarua, ambalo nalo ni la Kihindi, tulilitia katika ngeli ya chakula tukapata vyandarua. Lakini hakuna asemaye "vyapati". Tena ile ya kusukuma, yenye mafuta na matabaka, Mhindi angeiita paratha. Na chapati za maji je? Unga hukorogwa ukawa uji, ukamiminwa kikaangoni kwa upawa, ukatandaa wenyewe. Hausukumwi wala haupigwi. Kiganja hakiugusi kabisa, na jina la kiganja limebaki juu yake.

Bibi yangu, huko Mwera ya Pangani, aliita chakula hicho mkate wa maji. Chapati kwake ilikuwa ya mjini, ya unga wa kununua na mti wa kusukumia. Nilipokwenda mara ya mwisho, binti aliyeniandalia chai aliniuliza, "Babu, utakula chapati za maji?" Nikamwambia mkate wa maji ndio niupendao. Akaenda dukani kuniletea mkate wa boflo.

Mwanafunzi yule nilimrudishia alama zake, nikamtaka aiandike insha upya, na safari hii aanze na mkate.