Sikio, Jicho na Bei ya Sauti

Wengi hudhani kwamba mabishano juu ya utamu wa sauti ya redio na spika ni anasa ya matajiri wa Ulaya na Marekani, watu wawezao kununua waya mmoja kwa bei ya ng'ombe. Mimi nimekulia Karagwe, zamani kabla Kyerwa haijawa wilaya ya peke yake mwaka 2012, na ninashuhudia kwamba mabishano hayo tulikuwa nayo hata sisi.

Katika miaka ya 70 na 80 redio ilinunuliwa baada ya mauzo ya kahawa. Vijijini umeme haukuwapo; redio ilikula betri, na betri zilikula fedha. Aidha, Dar es Salaam iko mbali nasi zaidi ya kilomita 1,000, hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Sauti ya Redio Tanzania ilitufikia kwa mawimbi mafupi, ikija na kuondoka kama upepo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kusikia vizuri hakukuwa starehe tena. Kila mwenye redio alitafuta mbinu yake, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo bora.

Mbinu tatu nazikumbuka zaidi. Ya kwanza ilikuwa kuanika betri zilizochoka juani, kando ya kahawa. Ya pili, kuunganisha redio na waya mrefu uliopandishwa juu ya mti. Ya tatu, kuiweka redio juu ya mdomo wa chungu kitupu ili sauti iwe nzito. Wasomi waliotoka mjini walizicheka, lakini zote tatu zina sababu. Joto huharakisha kazi ya kemikali ndani ya betri na kupunguza ukinzani wake, hata nguvu iliyobaki ikatoka kwa muda. Waya mrefu hunasa mawimbi zaidi. Na hewa iliyomo ndani ya chungu hutetema pamoja na sauti za kina fulani na kuzikuza, kanuni ambayo Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1863. Wapiga nanga wetu, walioimba habari za mashujaa na wafalme, waliijua kwa mikono yao: nanga nyingine hufungiwa kibuyu ili sauti yake ijae.

Mbinu hizo zilidumu kwa kuwa umaskini ulizipima kila siku. Betri iliyoanikwa ama iliimba ama ilinyamaza. Hapakuwa na nafasi ya kujidanganya.

Mambo yalibadilika fedha ilipoongezeka kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 80, mwenye baa mmoja pale Omurushaka alinunua kutoka ng'ambo ya mpaka waya mnene wa spika, unaong'aa, kwa fedha ya magunia kadhaa ya maganda ya kahawa. Amplifaya yake iliendeshwa kwa betri ya gari. Alitangaza kwamba tangu afunge waya ule, gitaa la besi limekuwa tamu na sauti ya mwimbaji imesogea karibu. Wateja waliokuja kunywa walisikiliza, wakautazama waya, wakakubali.

Palikuwa na fundi wa redio, mzee mtaratibu aliyejifunzia kazi Bukoba. Yeye hakubishana. Aliomba blanketi, akalitundika mbele ya vyombo, akafunga waya mpya pamoja na ule wa zamani, ili aweze kubadilisha haraka. Kila mara alirusha sarafu ndipo achague waya, na alikataza mtu yeyote asiguse kitufe cha sauti, kwa kuwa, alisema, sauti iliyopanda hata kidogo tu hudhaniwa kuwa ni nzuri zaidi. Wasikilizaji walitaja waya waliodhani unapiga, naye akahesabu kwa punje za kahawa. Walipata karibu nusu na kukosa karibu nusu, kama watu wanaobahatisha.

"Mzee, mimi nimesikia kwa masikio yangu haya," mwenye baa alilalamika.

"Sikatai, mwanangu. Ila masikio yako yalikaa pamoja na macho yako, na macho yaliiona bei."

Jirani mmoja alikuwa tayari kuuza maganda yake ili anunue waya kama ule. Usiku ule aliahirisha, na fedha hiyo ikalipa ada ya mwanawe.

Baadaye, niliposoma habari za wenzetu wa nje, niliona kwamba fundi wetu alikuwa ndani ya historia ndefu. Kati ya mwaka 1915 na 1925 kampuni ya Thomas Edison iliandaa maonyesho ambapo mwimbaji aliimba jukwaani pamoja na santuri yake mwenyewe. Taa zilizimwa, na wasikilizaji wakatakiwa kubaini ni nani anayeimba, mtu au mashine. Wengi walishindwa. Lakini Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alieleza miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiilinganisha sauti yake na ile ya mashine. Giza peke yake halitoshi, basi, iwapo muuzaji ndiye anayeshika swichi.

Mwaka 1962 J. Gordon Holt alianzisha huko Marekani jarida la Stereophile, lililotaka vyombo vihukumiwe kwa kusikilizwa, kwa kuwa vipimo vya maabara havikueleza kila kitu. Hoja hiyo ilikuwa na haki yake. Upande wa pili, mwaka 1982, David Clark alieleza chombo cha kulinganisha sauti mbili bila msikilizaji wala msimamizi kujua ipi ni ipi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji 40 spika zilezile, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, alama zilifuata ukubwa na sifa; zilipofichwa, spika ndogo ya bei nafuu ilikaribiana na wakubwa wake. Na mwaka 2007 Meyer na Moran walitoa matokeo ya majaribio 554 ya kutofautisha santuri za kisasa zenye ubora wa juu na sauti hiyohiyo iliyopitishwa katika kiwango cha CD ya kawaida. Majibu sahihi yalikuwa 276, pungufu kidogo ya nusu.

Wapenzi wa sauti hujibu kwamba majaribio humtia mtu wasiwasi, na kwamba sikio lahitaji muda. Jibu hilo lisidharauliwe. Kushindwa kutofautisha leo hakuthibitishi kwamba tofauti haipo kabisa. Wala kipimo si adui wa sikio. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, aliandika katika jarida la Nature juu ya kinubi cha Waganda ambacho nyuzi zake zilipangwa kwa hatua zinazokaribia kuwa sawa. Mtaalamu yule alipopima, aliukuta ufundi wa sikio la mwanamuziki, akauandika kwa heshima.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tusione ajabu. Kahawa yetu ya robusta huonjwa ikiwa kwenye vikombe vyenye namba, na mwonjaji mwema hataki kujua imetoka shamba la nani. Ulimi wake hautukanwi kwa kufichwa jina. Ndipo unapoaminiwa, na bei ya mkulima ikawa ya haki.

Mtu akiniambia kwamba waya wake mpya unampa raha, simnyang'anyi raha hiyo, kwani ni yake na ni ya kweli. Lakini akitaka jirani auze kahawa ili aipate, hapo namwomba blanketi na sarafu.