Kick the bucket (nahau ya Kiingereza)

"Kick the bucket", ukiifasiri sisisi "kupiga ndoo teke", ni nahau ya Kiingereza yenye maana ya kufa. Francis Grose aliiingiza katika kamusi yake ya lugha ya mitaani iliyotoka London mwaka 1785, na asili yake hadi leo inabishaniwa. Ubishi huo haumfai mwandishi kitu. Kinachomhusu ni mwenendo wa nahau yenyewe ndani ya sentensi, nao unatokana na jambo moja: ile ndoo haisimamii chochote. Kitenzi hufuata wakati, kwa hiyo "he kicked the bucket" ni sahihi, lakini nomino haiguswi. Wakifa watatu huandikwa "they kicked the bucket", ndoo ile ile moja, wala si "their buckets". Ukiandika "the bucket was kicked", kifo kimetoweka, kimebaki chombo kilichopigwa teke. Mgonjwa aliye mahututi wiki tatu aweza kuelezwa kuwa "dying" muda wote huo. "Kicking the bucket" kwa wiki tatu ni kichekesho, maana nahau hii hutaja nukta ya kukata roho, si njia ya kuifikia.

Wapo wasemao kwamba hapa hakuna cha kueleza: nahau zote zimeganda, mwanafunzi azikariri tu. Mbona basi "spill the beans", kumwaga maharage, yaani kutoboa siri, hukubali kauli ya kutendwa, "the beans were spilled"? Geoffrey Nunberg, Ivan Sag na Thomas Wasow walilieleza hilo katika makala yao ya 1994: maana imegawanywa, maharage ndiyo siri na kumwaga ndiko kutoboa. Mzungumzaji wa Kiswahili anayo mizani hiyo tayari. "Ndoa ilifungwa" hupita bila kukwaza. "Dunia iliagwa na mzee" haiandikwi na yeyote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba waandishi mahiri huzivunja nahau makusudi. Ni kweli, ila utani wao humkolea tu anayelijua umbo zima. Kwa mwingine ni kosa la sarufi. Tena "kick the bucket" yenyewe ni nahau ya utani. "Your father kicked the bucket" haina dosari ya kisarufi hata moja, lakini mfiwa akiikuta katika barua ya rambirambi ataona ametukanwa. Huko huandikwa "passed away".